Kumlilia Mbweha

Nimewahi kulia kwa ajili ya mbweha. Naanza na hilo mapema, maana kijiweni kwetu Mwigobero ukikiri jambo la namna hiyo mbele ya wavuvi na wabeba mizigo wa mwaloni utachekwa mpaka Pasaka. Hapa tunaandikiana wenyewe kwa wenyewe, na nadhani baadhi yenu mmeshalia pia mkasingizia moshi.

Mbweha mwenyewe ni wa Kikorea. Ni tamthilia ya mwaka 2010 ya kituo cha SBS, sehemu 16, ambayo wauza dividii waliiandika juu ya ganda My Girlfriend Is a Gumiho. Gumiho ni mbweha aliyeishi miaka mingi hata akawa na mikia tisa na uwezo wa kujigeuza msichana. Huyu wa kwenye picha, aliyechezwa na Shin Min-a, ni mzuri kupita maelezo, na anapenda nyama ya ng'ombe kuliko Mkurya yeyote ninayemfahamu. Amefungwa ndani ya mchoro hekaluni kwa miaka 500. Kijana mmoja mzembe, Cha Dae-woong, anaingia mle usiku, anachora mikia tisa pale kwenye mchoro, na mbweha anatoka. Basi vurugu zinaanza: anamfuata kijana chuoni, anadai nyama, anaogopa maji, na akilia mvua inanyesha huku jua linawaka. Kwetu jua na mvua vikikutana watoto hushangilia kwamba simba anazaa. Wengine husema ni fisi. Wakorea wao wanasema ni mvua ya mbweha. Niliposikia hivyo nilijiona kama nimekutana na ndugu wa mbali ambaye hakuna aliyewahi kunitajia.

Tuliiangalia mwaka 2013 kwenye kibanda umiza kilichokuwa nyuma ya soko la samaki. Kiingilio shilingi 200, mabenchi ya mbao, turubai jeusi dirishani, joto la kupikia ugali. Ilikuwa imeshatiwa Kiswahili na mmoja wa hawa jamaa wanaozungumza juu ya sauti za wachezaji. Usiwadharau jamaa hawa. Kabla yao alikuwapo Lufufu, ambaye kanda zake zilizunguka nchi, na aliyejua kuifanya Hong Kong isikike kama Manzese. Mtafsiri wetu hakupoteza muda kueleza gumiho ni nini. Akasema tu, "Huyu demu ni jini." Kibanda kizima kikaelewa. Hata mtindo wa mapenzi ya kijana na yule binti ulieleweka papo hapo, maana nani asiyejua habari za mtu aliyeoa jini?

Maajabu ya Mashariki ya mbali si mageni kwetu. Waliotutangulia waliangalia Mr. Vampire ya mwaka 1985, ile ya maiti zinazoruka kwa miguu iliyogandana, na karatasi ya njano kwenye paji la uso ndiyo inazituliza. Ukibana pumzi maiti haikuoni. Kaka zetu wanasema kibanda kizima kilibana pumzi pamoja na steringi. Baadaye ikaja Jumong, na kunguru wake wa miguu mitatu aliye ndani ya jua, na kila mtoto wa kiume mtaani akatengeneza upinde. Mwaka 2011 TBC ikaonyesha habari za Wachina, Doudou na mama wakwe zake, kwa Kiswahili safi, hata Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Ile haikuwa na mzimu, labda ukimhesabu mama mkwe.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Kaka mmoja mlokole, fundi wa injini za boti, alikuwa akitusimamisha njiani. "Vijana, mnachokiangalia mnakikaribisha. Mashetani hayana uraia." Wenzangu walimjibu kwa kicheko: ni picha tu, bro. Mimi nilimjibu kwa ujuaji. Nikamwambia kwamba Mwalimu Nyerere, wa hapo Butiama, alipotafsiri mchezo wa Shakespeare kuhusu Kaisari mwaka 1963, aliuingiza katika Kiswahili mzimu wa Kaisari unaomtokea Brutus usiku, pamoja na mtabiri wake wa barabarani, na hakuna aliyesema Mwalimu anaalika mapepo. Nilidhani nimeshinda. Leo naona yule fundi alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko sisi wote, ingawa hakuukaribia kwa njia aliyoidhani. Yeye angalau aliamini kwamba kitu unachokiangalia kinakufanya kitu. Sisi tulisema hakifanyi chochote, na bado tulikuwa tunalia.

Mlangoni mwa kibanda alikaa bibi mmoja akibanika samaki. Sato, furu, siku nyingine sangara wadogo. Jina lake nitalihifadhi. Macho yake yalikuwa mekundu, na unajua macho mekundu Kanda ya Ziwa yana maana gani. Moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe unawachoma mama zetu macho miaka arobaini, kisha wakizeeka tunawaambia hayo macho ni ushahidi. Mtu anaenda kwa mpiga ramli kwa sababu mtoto ana degedege au ng'ombe wamekufa, mpiga ramli anasema "tazama upande wa magharibi, kuna mama wa macho mekundu", na usiku panga linaingia ndani. Miaka ile ya mwanzoni mwa 2010 ripoti za haki za binadamu zilihesabu mamia ya watu waliouawa kwa mwaka mmoja kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wazee. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, hasa kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Sheria ya Uchawi ilikuwapo tangu mwaka 1928. Mapanga hayasomi sheria.

Bibi alikuwa akiingia bure. Mwenye kibanda alimwachia nafasi nyuma, karibu na mlango, ili aweze kuchungulia moto wake. Hakuelewa nusu ya maneno ya mtafsiri, maana yalikuwa ya kihuni mno, kwa hiyo nilikaa pembeni yake nikimfafanulia. Kuna sehemu ya mwanzoni inapoelezwa sababu ya mbweha kufungwa. Zamani alipewa sura ya binti ili aolewe. Wanaume wakamzimikia, wanawake wakaingiwa na hofu, ukazushwa uvumi kwamba anakula maini ya watu. Siku ya harusi hakuna bwana harusi aliyetokea. Akaingizwa kwenye mchoro.

Bibi aliuliza, "Na kweli alikuwa anayala?"

"Hapana, bibi. Ni maneno ya watu."

"Ee," alisema. Akatoka kugeuza samaki wake. Nilidhani anawahi samaki wasiungue.

Tulikuwa sehemu ya tisa au ya kumi alipofariki mtoto wa nyumba ya tatu kutoka pale. Homa, siku nne. Maneno yakaanza, kama kawaida, bila mwenyewe. Kijiweni mmoja akasema, "Yule bibi pale mlangoni anaangalia majini kila jioni, mnadhani anajifunza nini?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Siyo kicheko kikubwa. Ni kile cha kutoa hewa puani, cha kumwonyesha mwenzako kwamba umesikia. Nilijua mambo mawili ambayo wao hawakuyajua: kwamba siku mtoto alipoanza kuumwa bibi alitoa nauli ya kumpeleka hospitali, na kwamba kuhusu hayo majini alikuwa anauliza maswali kuliko mtu yeyote. Sikusema lolote. Jioni ile ile niliingia kibandani, mbweha akaambiwa na watu kwamba yeye ni mnyama na hafai kukaa na binadamu, na mimi nikalia.

Wiki iliyofuata bibi hakuwapo mlangoni. Alikuwa ameondoka alfajiri na boti ya Kinesi. Hakuna aliyemgusa, nashukuru Mungu, lakini jirani mmoja alikuwa amempelekea salamu kwamba afadhali aende kwa mwanawe.

Hebu tulifikirie jambo hili taratibu. Tunaopenda hadithi tuna imani moja ambayo hatuikagui: kwamba ukijifunza kumhurumia kiumbe wa ajabu kwenye hadithi, utajua kumhurumia aliye wa ajabu mtaani kwako. Kwamba machozi ni mazoezi. Mimi nilikuwa nimefanya mazoezi sehemu kumi mfululizo. Mbona mguu haukwenda?

Jibu jepesi ni woga, na ni kweli, nilikuwa na miaka kumi na saba na niliogopa kijiwe kuliko Mungu. Lakini nadhani lipo jingine ndani ya hadithi yenyewe. Mbweha yule ni mbweha kweli. Uvumi wa maini ni uongo, ila mikia tisa ipo, tunaiona kwa macho yetu ikichanua kwenye mwanga wa mwezi. Tamthilia inatuomba tumpende japokuwa ni jini. Hiyo ni rehema, nami sina ugomvi nayo. Bibi wa mlangoni hakuhitaji rehema. Hakuwa jini anayestahili kupendwa, alikuwa mbanika samaki mwenye macho yaliyoungua. Alichohitaji ni mtu mmoja wa kusema: huyu alitoa nauli. Ushahidi, basi. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kusamehe majini, sikuona haraka ya kukanusha kwamba yeye ni mmoja wao. Nilimwonea huruma kama mtuhumiwa mwenye mikia. Hata huruma yangu ilimhukumu.

Na tuseme ukweli, Shin Min-a ana sura ya Shin Min-a. Miaka 500 na hana kunyanzi hata moja. Ningependa kuona watunzi wa Seoul wanatuletea gumiho aliyezeeka kama miaka yake, mwenye meno manne na harufu ya moshi, tuone kibanda kitalia au kitatoka kwenda kukojoa. Picha zetu wenyewe nazo hazina la kujivunia, tangu Shumileta ya Mussa Banzi jini letu nalo ni mrembo wa kumaliza wanaume. Mzee wa macho mekundu akitokea kwenye picha, tunajua kabla ya muziki kwamba ndiye mchawi.

Shaaban Robert aliliona tatizo hili kwa upande mwingine. Katika Adili na Nduguze, Adili anawachapa nyani wawili kila usiku, na analia anapowachapa, kwa sababu nyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa kwa makosa yao, na jini amemwamuru awachape. Shuleni tulifundishwa kusifu machozi ya Adili. Ni sawa. Lakini kiboko kilikuwa kinashuka pamoja na machozi, kila usiku, mpaka mfalme Rai alipoingilia kati. Mwalimu hakutuuliza nyani walikuwa wanayaonaje hayo machozi.

Sijaacha kuangalia. Nilimaliza Master's Sun, ya yule dada anayeona wafu wakimwomba msaada hata anashindwa kulala. Nikamaliza Hotel del Luna ya mwaka 2019, hoteli ya marehemu ambao bado wana jambo duniani, na nikawafikiria waliozama ziwani humu wasipatikane, wangepewa chumba gani. Starehe ninayoipata ni starehe ya kweli na sitaiombea radhi kwa mlokole wala kwa msomi. Huwa naangalia usiku, kwenye simu, kibanda kilishafungwa. Ila nikihisi machozi yanakuja sasa huwa najiuliza wiki hii kijiweni nilinyamaza nini. Mara nyingi kuna kitu.

Mwaka juzi nilivuka kwenda Kinesi kwa shughuli za msiba. Nilimkuta bibi kwa mwanawe, jicho moja limeshaziba, ameketi kivulini anachambua dagaa kwa vidole. Nilikuwa nimepanga maneno tangu kwenye boti. Nikaanza, "Bibi, siku zile niliyasikia maneno ya watu, na nilijua ulitoa nauli, na sikusema." Aliendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Nilijua kwamba unajua. Ndiyo maana sikuja kuaga."

Tulikaa. Mjukuu akaleta maji. Nilipotaka kuinuka akanishika mkono.

"Yule mwari wa kwenye mchoro," akasema. "Mliendelea kumwangalia?"

"Ndiyo, bibi. Mpaka mwisho."

"Walimla nyama wenyewe, au?"

Nikamwambia hapana. Alipotea, yule kijana akabaki peke yake, kisha siku jua lilipopatwa akarudi. Aliuliza kama alirudi na mikia. Nikasema ndiyo, nadhani ndiyo. Akasonya, akamwaga ungaunga wa dagaa uliobaki kwenye ungo kuwapa kuku, akasema nimsimulie tena tangu pale alipoondoka yeye, taratibu, nisiruke.