Ngozi ya Nyamafu na Maradhi ya Kimeta



Ng'ombe afapo shambani kwa kimeta, daktari wa mifugo huamuru asichunwe wala asipasuliwe, bali ateketezwe kwa moto, au afukiwe mzima katika shimo lisilopungua futi 6, mbali na visima. Wako waonao hiyo ni hasara, wakataka japo ngozi. Hoja yao ni hadithi ya mbuzi aliyekufa kwa watu wa Bibi Maimuna, ambapo Mtume (S.A.W.) aliuliza mbona hawakufaidika na ngozi yake.

Hadithi hiyo twaikubali, na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi ngozi ya nyamafu hutwahirika ikidibighiwa. Lakini ruhusa si faradhi. Vijidudu vya kimeta, mzoga ukipasuliwa vikapata hewa, hujifanyia ganda gumu vikaishi mchangani miaka makumi, mpaka vimpate ng'ombe mwengine, au mkono wa mtu wenye jaraha. Kisu cha mchunaji ndicho kivifunguliacho mlango. Na Mtume huyo huyo ametukataza kujidhuru na kuwadhuru wenzetu. Vipi basi tushike neno lake moja, tuache la pili?

Nasi wa mjini tusijione tu salama. Nyama ya rahisi iletwayo kwa siri, isiyokaguliwa machinjioni, tuulize yatoka wapi. Kula nyamafu ni haramu kwa nassi ya Qur'ani. Kumlisha asiyejua ni dhambi juu ya dhambi.

Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.