Maziwa ya Ndovu na Mahindi ya Mkulima
Tulipokuwa Kitale tulipanda Mlima Elgon hata pango la Kitum, ambamo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao. Majangili waliwaua wengi miaka ya 1970 na 1980. Huko Nairobi shirika la Sheldrick, lililoanzishwa 1977, hulea ndovu mayatima kwa maziwa ya chupa, na walezi hulala nao.

Mkulima mmoja wa Bungoma alituuliza: Je, huu si ubadhirifu, na wana wa Adamu wana njaa?

Aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alighufiriwa, wala hakuulizwa mbwa yule ana faida gani. Na yatima ambaye mama yake ameuawa na mwanadamu, maziwa yake si sadaka, ni deni.

“Na mahindi yangu waliyoyala?”

Tukamwambia: Nayo ni deni, juu ya kila afurahiaye kuwako ndovu, na sisi tumo.