Begi Lisilojaa



Leo tuongee kuhusu begi la kwenye gemu. Najua wengi wenu mnacheza, na pengine kuna anayesoma hapa huku gemu yake imesimama inamsubiri. Nimesoma falsafa, na bado naona swali la mtu na mali zake limo humo ndani ya begi, tena wazi kabisa.

Tuanze na begi lenye nafasi za kuhesabu. Resident Evil ya mwaka 1996 ilimpa Jill nafasi 8, Chris nafasi 6 tu. Bunduki inachukua nafasi, dawa inachukua nafasi, hata ufunguo wa mlango. Ukijaza risasi begi zima, utaukuta ufunguo na hutaweza kuuokota. Kwa hiyo kabla hujatoka unajiuliza: naenda wapi, na huko nitahitaji nini?

Aina ya pili inapima uzito. Skyrim (2011) inakuanzishia uwezo wa kubeba 300. Unaokota panga, ngozi, vyungu, jibini, wala hakuna anayekuzuia. Ila ukizidisha kidogo tu, huwezi tena kukimbia. Unajikokota kama konokono katikati ya pori, umesheheni mali za kuuza, na joka linakuja.

Aina ya tatu ndiyo inayonisumbua: begi ambalo ni kama halijai. Kwenye Final Fantasy nyingi unaweza kubeba dawa 99 za kila aina. Humo kuna dawa adimu inayorudisha nguvu zote, Elixir. Aisee, tunajua kinachotokea. Unaitunza. Adui mkubwa anakuja, unasema hapana, labda yupo mkubwa zaidi. Gemu inaisha, majina ya watengenezaji yanapita kwenye skrini, na zile dawa zote bado zipo.

Sasa hebu nikuulize: je, ulikuwa nazo kweli? Aristotle alifundisha kwamba utajiri uko zaidi katika kutumia kuliko katika kumiliki. Begi dogo lilikulazimisha kuuliza "ya kazi gani?" Begi kubwa halikuulizi kitu, na pale swali lilipokuwa inakaa hofu. Yule tajiri mpumbavu wa Injili ya Luka, sura ya 12, mavuno yalipomzidi alipanga kujenga maghala makubwa zaidi. Alitatua shida ya nafasi. Shida ya "kwa ajili ya nini, na kwa ajili ya nani" hata hakuigusa.

Najua kuna atakayesema: "Frateri, wewe unalishwa seminarini. Sisi nyumbani tukiwa na unga wa wiki mbili tunamshukuru Mungu. Unataka tupunguze nini?" Ni haki kuuliza hivyo. Mama anayefunga elfu mbili kwenye pindo la kanga hana kosa lolote, ana busara. Ndiyo maana tutenganishe akiba na kuhodhi. Akiba ina siku yake: ada ya Januari, mbegu za msimu, nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Siku hiyo ikifika, pesa inatoka. Anayehodhi hana siku. Kila shida ikija, anaona bado haijawa kubwa ya kutosha, hasa ikiwa ni shida ya mwingine.

Swali hili linanihusu mimi pia. Wengi hudhani mapadre wote huweka nadhiri ya ufukara. Wanaoiweka ni watawa. Padre wa jimbo haiweki. Mungu akinijalia kufika huko, nitaitwa kuishi maisha ya kiasi, lakini nitaruhusiwa kumiliki, na hakuna atakayehesabu nafasi za begi langu. Kikomo itabidi nikiweke mwenyewe. Na wewe ukipata kazi, itakuwa hivyo hivyo.

Kuna gemu moja inayonisaidia kufikiri hapa: Death Stranding (2019). Sam anabeba mizigo mgongoni, na ikirundikana sana anayumba na kuanguka. Lakini mingi si yake, anaipeleka kwa watu. Hata ngazi anayoiacha mlimani inaweza kutokea katika gemu ya mchezaji mwingine asiyemjua, naye akapandia. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikubali mtu awe na mali yake ili aisimamie vizuri, ila katika kuitumia aione kama ya wote, awe tayari kumpa mwenye shida. Mwenye mali, basi, ni mbebaji.

Wiki hii chagua kitu kimoja ulichokitunza muda mrefu, ukiulize: "Wewe ni wa siku gani?" Kikiwa na siku, kitunze kwa amani. Kisipokuwa nayo, huenda ni mzigo wa mtu, na mwenyewe anausubiri.

Mungu awabariki.