Haki ya Punda Shingoni mwa Muislamu

Punda afe, mzigo ufike. Wasemao hivyo barazani huwa wanamsifu mtu asiyekata tamaa, wala hawakusudii ubaya. Lakini msemo huo ukichukuliwa kama ulivyo, ukawekwa mbele ya mwenendo wa Mtume Muhammad (S.A.W.), haupati pa kusimama.

Muadh bin Jabal (R.A.) alisimulia kwamba alipata kupakiwa nyuma ya Mtume juu ya punda aitwaye Ufayr. Wakiwa njiani, Mtume akamuuliza kama anaijua haki ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake, na haki ya waja kwa Mola wao. Hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim, na husomeshwa darasani katika mlango wa tauhidi. Ndani yake mna jambo jingine la kuzingatia: somo hilo zito lilitolewa mgongoni mwa punda, na punda huyo alikuwa na jina lake, likahifadhiwa na wapokezi hadi leo.

Qurani nayo imempa mnyama huyu nafasi. Katika Surat An-Nahl, aya ya 7 na ya 8, Mola anawakumbusha watu neema ya wanyama wanaobeba mizigo mpaka miji ambayo wasingeifikia ila kwa taabu, kisha anawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vipando na ni pambo.

Watu wa Lamu wanaiishi maana ya aya hizo kila siku. Vichochoro vya mji huo wa kale, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni vyembamba mno kwa gari. Mchanga, mawe, saruji na boriti vyote hupita mgongoni mwa punda. Wakati wa Maulidi, wageni wanapofurika katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, mashindano ya mbio za punda ni sehemu ya shamrashamra. Na tangu mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary lina zahanati ya punda mjini humo inayotibu bila malipo.

Yanayotibiwa huko yanaweza kusomwa kama orodha ya haki zilizopotea. Kidonda cha mgongoni hutokana na shogi iliyokaa vibaya au mzigo uliozidi. Kwato hurefuka na kupinda kwa kukosa mtu wa kuzipunguza. Tumbo husokota kwa sababu punda aliyeachwa ajitafutie chakula jalalani amekula mifuko ya plastiki. Katika hili la mwisho mwenye punda hayuko peke yake. Kila aliyetupa mfuko kichochoroni ana fungu lake.

Mtume hakuliacha jambo hili kwenye huruma ya moyoni tu. Jabir (R.A.) amepokea, katika Sahih Muslim, kwamba Mtume alipomwona punda aliyechomwa alama usoni alimlaani aliyefanya hivyo. Katika Sunan ya Abu Dawud imo habari ya ngamia wa kijana mmoja wa Kiansari. Mtume aliingia bustanini, ngamia akamwona, akalia mpaka machozi yakamtoka. Mtume akampangusa nyuma ya masikio hadi akatulia, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Kijana alipojitokeza aliambiwa amche Mwenyezi Mungu juu ya mnyama aliyemilikishwa, kwani amemshitaki kwamba anamtia njaa na kumchosha kwa kazi. Na Mtume alieleza kuwa mwanamke aliyemfungia paka bila chakula wala kumwachia ajitafutie aliingia motoni kwa ajili yake.

Kutoka hapo wakaja watawala na mafakihi wakaigeuza rehema kuwa sheria. Khalifa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala kutoka mwaka 99 hadi 101 Hijria, alisikia kuwa ngamia wa Misri hubebeshwa ratili 1,000. Akamwandikia gavana wake kwamba isizidi ratili 600. Naye Imamu Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliandika haki za mnyama juu ya binadamu: alishwe hata akizeeka au kuugua na kukosa faida, asibebeshwe asichokiweza, na watoto wake wasichinjwe mbele ya macho yake.

Muislamu anayedhani kuwa sheria za kuwalinda wanyama ni mambo ya wageni na aisome historia hii. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamtia hatiani anayempiga mnyama kikatili na anayembebesha kupita kiasi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19, mwaka 2008. Katika suala la mzigo uliopita kiasi, hakimu wa leo anafuata njia ambayo khalifa wa Damasko aliipita zaidi ya miaka 1,300 iliyopita.

Mtihani mkubwa wa zama hizi ulikuja na biashara ya ngozi. Huko China ngozi ya punda huchemshwa ili kupata ejiao, dawa ya asili yenye soko kubwa. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya, na katika muda usiotimia miaka mitatu punda zaidi ya 300,000 walichinjwa. Wizi ukaenea vijijini. Mama aliyekuwa akichotewa maji na punda wake aliamka zizi li tupu. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka 2021. Tanzania nayo ilizuia uchinjaji huo mwishoni mwa mwaka 2022. Hatimaye, Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubali kuzuia kwa miaka 15 punda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi bara zima. Waislamu walikuwa na sababu ya kuwa mbele katika jambo hili, kwani nyama ya punda wa kufugwa Mtume aliikataza tangu Khaybar, mwaka wa 7 Hijria.

Sheria ya nchi, hata hivyo, haimfikii kila punda katika kila kichochoro. Wanaomfikia ni watu wa mtaa. Mwalimu wa madrasa anaweza kuwakataza watoto kumrushia mawe. Mwenye punda anaweza kumnywesha maji kabla ya kumpakia, na kumpumzisha mwenye kidonda hadi kipone. Mteja naye asijitoe, maana mara nyingi yeye ndiye anayebana bei mpaka mchukuzi analazimika kuzidisha mzigo ili apunguze safari.

Jambo hili huanzia misikitini kwenyewe. Kamati inayoagiza mchanga na saruji kwa ajili ya kuta mpya ina wajibu wa kuuliza kila punda atabeba mifuko mingapi, na kulipia safari ya ziada inapohitajika. Makubaliano hayo yakifanyika kabla ya mfuko wa kwanza kupakiwa, nyumba ya ibada itajengwa pasipo dhulma kwa kiumbe anayebeba mawe yake.