Safari Isiyo na Haja



Kijana mmoja wa Ifakara, karani kwa kazi yake, ambaye hana muda mrefu tangu aingie katika Uislamu, alinijia na swali ambalo mwanzoni nililiona dogo. Siku za kazi pikipiki yake humpeleka ofisini na kumrudisha nyumbani. Lakini Jumamosi au Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, huitia mafuta akashika barabara ya Kiberege na Mang'ula, milima ya Udzungwa ikiwa mkono wake wa kushoto na mashamba ya mpunga mkono wake wa kulia. Husimama mahali akanywa chai, husimama pengine akala ndizi, kisha hurudi. Haendi kununua kitu, wala kumwona mgonjwa, wala kuhani msiba. Mzee mmoja anayemheshimu sana alimwambia kwamba mwendo huo ni upuuzi, na kwamba muumini hana wakati wa kuzurura. Basi kijana akaniuliza: "Mwalimu, niiuze pikipiki?"

Ndani ya swali hilo mna swali lililo kubwa zaidi: Je, mtu aliyejitoa kwa Mwenyezi Mungu ana ruhusa ya kufurahi pasipo kuwa na faida anayoifuata? Wengi wanaoichunguza dini hurudi nyuma wakiwa mlangoni, kwa kudhani kwamba ndani hamna ila makatazo. Nami nilimjibu kijana yule upesi mno. Naomba nikusimulie jibu langu la kwanza, kisha yaliyonipata mwenyewe, kisha jibu langu la pili.

KIPANDO NI NEEMA NA NI PAMBO

Jibu langu la kwanza lilikuwa hili. Katika Sura ya An-Nahl, Kurani Tukufu inapotuhesabia neema za Mwenyezi Mungu, inawataja farasi, nyumbu na punda, na inasema kwamba wameumbwa ili tuwapande na pia wawe pambo. Kabla ya hapo inataja uzuri tunaouona mifugo inaporudishwa jioni na inapopelekwa malishoni asubuhi. Kisha inaongeza kwamba Mwenyezi Mungu huumba na vitu tusivyovijua. Tafakari, ewe msomaji: maneno hayo yaliteremshwa zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla ya mwaka 1885, ambapo Wajerumani wawili, Daimler na Maybach, walifunga injini katika kipando cha mbao chenye magurudumu mawili na kuanzisha jamii ya pikipiki tunazoziona leo.

Basi angalia kwamba kitabu hicho hakikusema kipando ni kwa ajili ya mzigo tu. Kimetaja haja, na kando ya haja kimetaja uzuri. Mtume Muhammad s.a.w. naye, ambaye hakuna aliyekuwa na kazi nyingi kuliko yeye, alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha. Na sahaba aliyefunga kila siku na kusimama katika sala usiku kucha alimkumbusha kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Dini inayotambua haki ya mwili haiwezi kuyanyima macho haki yao.

Na macho yapewe nini kilicho bora kuliko bonde hili? Mto Kilombero hulitambaa kwa mikono mingi mpaka ukakutane na Luwegu na kuwa Rufiji. Masika yakija, uwanda wote huwa ziwa. Kiangazi kikija, ziwa hugeuka majani, na sheshe huonekana wakilisha penye unyevu. Bonde hili liliorodheshwa mwaka 2002 miongoni mwa ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima chini ya Mkataba wa Ramsar. Upande wa magharibi imesimama Udzungwa, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992, yenye kilometa za mraba 1,990, na kutoka ubavuni mwake maporomoko ya Sanje hushuka kwa ngazi zenye jumla ya meta 170 hivi. Mtu akipita chini ya milima hiyo asubuhi, ukungu ukiwa haujainuka, asiseme hata mara moja "Subhanallah", huyo hakuona kitu.

"Usiiuze pikipiki," nilimwambia kijana. Akaenda zake akiwa amefurahi, nami nikajiona nimejibu vyema.

YALIYONIPATA NJIA YA MLIMBA

Mimi mwandishi ninayo pikipiki vilevile. Jumapili moja ya mwezi wa Julai, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa, niliamua kutembea upande wa Mlimba. Njia ile ni ya udongo, inafuata miguu ya milima pamoja na reli ya TAZARA, na katika njia hiyo kuna kijiji kinachoitwa Mbingu. Wenyeji wa Ifakara hupenda kutania kwamba mtu hana haja ya kufa ili afike Mbingu, nauli yatosha. Nilikuwa nikiuwaza utani huo huku nikitazama milima, na barabara ilikuwa kavu na tupu, nami nikazidisha mwendo kwa sababu tu upepo ulikuwa mtamu.

Kando ya njia mama mmoja mtu mzima alikuwa ameanika mpunga juu ya turubai. Nilimwona nikiwa nimekwisha mpita. Nyuma yangu nilisikia ukelele. Nilipogeuka, sikuona turubai wala mama, niliona vumbi. Lilipotulia, mpunga wake ulikuwa umebadilika rangi, na gurudumu langu lilikuwa limerusha mchanga na vijiwe katikati ya punje.

Nilirudi. Yeye akanitazama toka kofia hadi viatu, akasema:

"Mwanangu, hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo, mama. Nisamehe sana."

"Marahaba. Kuna mgonjwa?"

"Hapana, mama."

"Msiba?"

"Hapana."

"Sasa unakimbilia wapi?"

Nikasema neno tulilolizoea sote: "Natembea tu."

Akainama, akachota mpunga kwa kiganja, akauonyesha. "Wewe unatembea," akasema, "mimi nimeanika."

Hakuongeza kitu. Niliegesha pikipiki nikaketi naye. Ajuaye kazi hii anaelewa: vumbi hupeperuka kwa ungo, lakini kijiwe kilicho na uzito wa punje hakipeperuki; hubidi kuchambuliwa kwa vidole. Kisipochambuliwa huingia mashineni pamoja na mpunga, hufika sokoni pamoja na mchele, na mnunuzi akikitafuna hulaani mchele wa bonde zima. Tulichambua mpaka jua likapita utosi, na hatukumaliza. Nilipotaka kumlipa alikataa fedha. Aliniambia nitakapopita tena nipite polepole, nimwamkie.

Siku ile sikufika Mlimba. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba kijana yule nilikuwa nimempa nusu ya jibu.

MANDHARI YAKO NI SHAMBA LA MWINGINE

Kosa langu halikuwa kufurahi. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba bonde limetandikwa mbele yangu kama zulia ili nilitazame. Nilisahau kwamba kila ninachokiita mandhari ni maisha ya mtu fulani.

Ule ukijani wa mpunga ni migongo iliyoinama. Ule msitu wa Udzungwa ambao msafiri huusifu, wanawake wa vijiji vilivyo pembeni mwake waliufahamu kwa kuni. Walikuwa wakiruhusiwa kuziokota ndani ya hifadhi kwa siku maalumu mpaka mwaka 2011, ruhusa hiyo ilipoondolewa. Mimi sihukumu hapa kati ya msitu na jiko. Nasema tu kwamba anayepita na kusema "Tazama msitu ulivyo mzuri" ajue kwamba uzuri huo una watu waliougharimia. Hata yule nyani wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979, wenyeji walikwisha kuwa na jina lake kabla ya hapo.

Ile reli iliyoifuata njia yangu ilijengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975 katika mabonde na majabali ambayo mimi nayapita nikipiga mluzi. Na ukivuka Kilombero kwenda upande wa Mahenge leo, unapita juu ya Daraja la Magufuli, lenye urefu wa meta 384, lililofunguliwa mwaka 2018. Vijana husimama pale jioni wapunge hewa. Waulize wazee: watakuambia habari za kivuko, za kungoja ng'ambo na mgonjwa kitandani, na za Januari 2016, kivuko kilipozama. Maji ni yale yale. Huyu anayaita mazuri, yule anakumbuka hofu.

Je, tusitazame, basi? La hasha! Tutazame zaidi. Mtu aonaye uzuri peke yake ameona nusu. Aonaye na mkono ulioutunza ameona ishara nzima, na shukrani yake humfikia Muumba ikiwa imepitia kwa waja Wake.

HAKI ZA NJIA

Mtume s.a.w. alifundisha kwamba njia ina haki zake, na miongoni mwa haki hizo ni kujizuia na maudhi na kuitikia salamu. Tena aliihesabu kazi ya kuondoa chenye kudhuru njiani kuwa ni sehemu ya imani. Sasa zingatia: ikiwa kuondoa kijiwe njiani ni imani, kukirusha kijiwe katika chakula cha mwenzio ni nini?

Kutokana na mafundisho hayo nimejifunza mambo matatu, ambayo ndiyo jibu langu la pili.

Kwanza, asiye na haja hana udhuru wa haraka. Dereva wa bodaboda anayempeleka mama mjamzito hospitali ya Ifakara usiku huenda tukamsamehe akiharakisha, ingawa naye sheria inambana. Lakini mimi na wewe, tusiongojwa na mtu yeyote, tunakimbilia nini? Sheria ya nchi yetu inaweka kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu. Hicho ni kikomo cha serikali. Kwa anayetembea kwa starehe mimi naweka kikomo kingine: mwendo wake uwe ule unaomwezesha kutoa salamu na kusikia ikiitikiwa. Akishindwa kumwamkia mtu aliye kando ya njia, amekwisha kupita kiasi, hata kama njia ni tupu na mashine yake inaweza zaidi. Kurani Tukufu inawasifu waja wa Mwingi wa Rehema kwamba hutembea juu ya ardhi kwa unyenyekevu, na inatukataza kutembea kwa majivuno. Sioni kwamba amri hiyo inaondoka mtu apandapo juu ya injini. Naona inazidi uzito.

Pili, starehe isinunuliwe kwa haki ya mwingine. Fedha ya mafuta ikitoka katika ada ya mtoto au katika dawa ya mzazi, safari hiyo si pumziko bali ni ufujaji. Na mke aliyeshinda jikoni juma zima naye ana macho. Ukitembea wewe kila wiki naye asitembee hata mara moja kwa mwaka, jiulize pambo la kipando limekuwa la nani.

Tatu, anza kwa kumbukumbu na umalize kwa kumbukumbu. Tumefundishwa tupandapo kipando kumtukuza Yule aliyekitiisha kwa ajili yetu, kwani kwa nguvu zetu tusingekiweza, na kukiri kwamba kwa Mola wetu tutarejea. Mwenye kusema hayo kwa moyo wakati anapopiga kiki amekwisha kukumbuka mambo mawili: kwamba mashine si ukubwa wake, na kwamba safari zote zina mwisho mmoja.

HITIMISHO

Labda utasema, ewe msomaji, "Wewe umeifanya pikipiki kuwa msikiti, huku ni kuikaza dini." Sivyo. Yule mzee aliyemkataza kijana kutembea ndiye aliyeikaza, maana aliharamisha kilichoachwa wazi. Mimi nami niliilegeza, maana nilimhalalishia furaha pasipo kumtajia jirani. Dini ya kweli i kati ya hizo mbili: inakupa furaha mkononi, kisha inakuuliza nani amekaa kando ya njia.

Ikiwa wewe ungali unachunguza, usipime dini kwa wingi wa makatazo yake wala kwa uchache wake. Ipime kwa jambo hili: je, inamfanya mtu amwone mwenzake, hata wakati ambapo hamhitaji kwa lolote? Wakati wa haja sote tunaonana, kwa sababu mnunuzi humwona muuzaji na mgonjwa humwona mganga. Siku isiyo na haja ndiyo inayomfunua mtu alivyo.

Nilimwita kijana nikamweleza yote, pamoja na aibu yangu. Alinisikiliza, akacheka kidogo, akaniuliza tena: "Kwa hiyo nisiiuze?" Nikamwambia asiiuze, bali aipunguze mwendo. Miezi imepita tangu siku hiyo. Juzi nilimuuliza hali ya Mang'ula. Akaniambia kwamba siku hizi hafiki huko kila mara, maana salamu za njiani zimekuwa nyingi, na jua humchwea Kiberege.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuona, mwendo wenye adabu, na mapumziko yasiyomwachia mtu mwingine mchanga wa kuchambua. Amin.