Ua la Chunguni na Ua la Mwambani

Msomaji mpenzi, nikikuuliza kama kitu kilichojaa madukani chaweza kuwa katika hatari ya kupotea, huenda ukacheka. Subiri kidogo.

Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala upande wa Tanga, alimpelekea baba yake huko Ujerumani mbegu za ua dogo la urujuani liotalo milimani Usambara. Leo ua hilo limejaa madirishani mwa watu Ulaya na Marekani. Huzaliana kwa wepesi wa ajabu: chomeka jani moja katika udongo wenye unyevu, nawe utapata mche. Ua hili lina ndugu yake huku kwetu Kenya, ambalo wataalamu waliliandika mwaka 1958. Hilo huota juu ya miamba yenye kivuli katika msitu wa Mbololo, milima ya Taita, wala mwituni halionekani mahali pengine po pote duniani. Limewekwa katika daraja la hatari kuu, ambalo baada yake ni kutoweka mwituni.

Wako wasemao, “Litiwe chunguni, litakuwa limeokoka.” Nami niliridhika na jibu hilo zamani, maana nilikuwa na chungu kimoja cha lile la Usambara dirishani, nikajiona mlinzi wa viumbe! Lakini mche utokao katika jani ni sawasawa na mama yake. Maradhi yakimwua mmoja, yaweza kuwaua wote. Mwituni kila mbegu ina tofauti yake kidogo, na huenda tofauti hiyo ndiyo itakayoliponya kabila zima siku ya shida. Tena chunguni huachwa liishi lile tu lipendezalo macho ya mnunuzi.

Hapa ndipo penye ugumu. Je, mama wa Taita akosaye kuni aambiwe auache msitu kwa ajili ya ua lisiloliwa? Kwa maoni yangu, hatuna haki ya kumwambia hivyo sisi tukaao mbali, ila kama tu tayari kuchukua sehemu ya hasara yake. Lakini yeye naye ana lake katika msitu ule. Ukungu utokao Bahari ya Hindi hunaswa na miti ileile ilitiayo ua kivuli, na maji yake hushuka mpaka chemchemi za bondeni. Wayanywao ni wengi kuliko watu waliopata kuliona ua lenyewe.