Kijibwa na Kizimba

Msomaji, mtu anayejisifu kuwa ana subira na afuge mtoto wa mbwa, kisha aje tuzungumze. Mimi nilijidhania kuwa mmoja wa wenye subira, kwa kuwa kazi yangu ni ualimu. Mzazi mmoja wa hapa Waithaka aliponipa kijibwa wa miezi mitatu, nilimpokea kwa furaha nikamwita Simba, jina ambalo nadhani ni la nusu ya mbwa wote wa mtaa huu.

Juma la kwanza alitafuna kiatu kimoja katika kila jozi, wala hakukosea hata mara moja akala viwili vya jozi moja. Juma la pili alikichana kiondo nilichosukiwa na mama yangu. Hayo niliyavumilia. Walakini alasiri moja nilirudi kutoka shuleni nikakuta madaftari ya insha, niliyoyaacha mezani ili niyasahihishe, yametapakaa sakafuni. Moja lilikuwa limeliwa hata jina la mwenyewe halisomeki. Nilimtambua kwa mwandiko wake: msichana mpole ambaye huandika kila insha mara mbili, ya kwanza kwa penseli.

Nikainua mkono. Simba akanitazama huku akitikisa mkia, akifurahi kwamba nimerudi.

Usinisifu kwa kuushusha mkono ule. Mbwa huunganisha adhabu na tendo la dakika ile ile. Kumpiga kwa kosa la asubuhi ni kumfundisha kwamba kurudi kwa bwana wake ni balaa. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi mwaka 2001, serikali ya Kenya ilipozifuta kanuni zilizoruhusu viboko shuleni, na katika miaka iliyofuata nilisikia watu wazima wakiulizana: sasa watoto watafunzwa kwa nini? Swali hilo likaniketia mimi na kijibwa wangu.

Mwalimu mwenzangu akanishauri nimtengenezee Simba kizimba. Hoja yake ilikuwa njema. Mbwa hapendi kuchafua mahali alalapo, hivyo hujifunza kujizuia. Na tena akiwa ndani hawezi kutafuna waya wa umeme akafa. Meno ya utotoni ni ishirini na manane, nayo huanza kung'oka yapata mwezi wa nne. Fizi zikiwasha, kijibwa hutafuna chochote kilicho karibu. Hana ubaya wowote moyoni. Basi, ni nini kibaya kumzuia hata umri huo upite?

Nilimweleza jirani yangu, bibi mzee tunayemwita Shosho, jambo hilo. Akaniuliza, "Mwalimu, na wewe utakuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Hutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Kijibwa wa miezi mitatu hawezi kuzuia mkojo kwa muda wa saa kumi; aghalabu saa tatu au nne ni nyingi kwake. Kizimba kilichokusudiwa kumfunza usafi kingemlazimisha kulala katika uchafu wake. Hapa Nairobi zipo nyumba nyingi ambamo mbwa hufungiwa kibandani tangu alfajiri hata usiku, ili akifunguliwa awe mkali kwa wezi. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, hukataza kumtesa mnyama bila sababu. Lakini mlango wa kibanda hufungwa na mwenye nyumba, wala askari hayupo.

Fikiri, msomaji, juu ya mama anayembeba mtoto mgongoni. Mtoto yule amefungwa kwa kanga, hawezi kwenda apendako, na pengine hulia. Hakuna apitaye njiani akasema amefungwa gereza. Kwa nini? Yamkini ni kwa sababu aliyemfunga anachukua uzito wake. Mtoto akilowa, mama naye hulowa. Lakini mimi ningetia komeo na kwenda zangu Riruta kufundisha, na uzito wote angeachiwa Simba.

Fundi alinitengenezea kizimba cha mbao na wavu. Simba hulia chakula chake humo, mlango ukiwa wazi, na usiku hulala humo. Akilia usiku wa manane, mimi huamka nikamtoa nje, nikatetemeka naye katika baridi ya Julai. Mchana hukaa uani kwa Shosho, naye amekwisha kula kipande cha ufagio wake. Madaftari nimeyapandisha juu ya kabati. Yule msichana nilimwomba radhi mbele ya darasa zima, jambo lililonitoa jasho, akaandika insha yake mara ya tatu.

Hata hivyo, ziko jioni ambazo ninarudi nimechoka, nami humwingiza Simba kizimbani kabla ya wakati wake. Juzi nilifanya hivyo. Hakuwa amekosa neno. Alikwaruza mlango mara mbili tatu, akasikiliza kama naja, kisha akalala. Nami nikasahihisha madaftari thelathini na moja.